Mume Asiyechoka Kusikiliza



Leo tuweke kando singo na karafuu, tuzungumze filamu. Inaitwa Her, ya mwaka 2013. Aliyeiandika na kuiongoza ni Spike Jonze, na mwaka uliofuata alipata tuzo ya Oscar kwa hadithi yake. Wengi mnaijua kwa jina, maana akili mnemba ikitajwa tu kwenye habari hakosekani mtu wa kuikumbusha. Tahadhari mapema: si ya kuangalia sebuleni na watoto, wala na mama mkwe. Ina mahali pa kufumba macho na, ajabu yake, pa kuziba masikio zaidi, kwa sababu mengi ya aibu yanayopita humo ni ya sauti tupu. Mimi niliiangalia mchana, mlango nimeufunga, rimoti mkononi.

Kisa chenyewe ni hiki. Theodore anaishi Los Angeles ya miaka ijayo, na kazi yake ni kuwaandikia watu barua za mapenzi. Mume hana maneno, analipa, na Theodore anaandika kana kwamba yametoka kifuani mwa mume. (Msicheke. Hata kwetu wapo walioandikiwa barua na marafiki wenye hati nzuri, na harusi zikafungwa.) Ameachana na mkewe, Catherine, lakini karatasi za talaka karibu mwaka mzima hajazitia saini. Siku moja ananunua programu ya kompyuta yenye akili. Inajiita Samantha, na sauti yake ni ya Scarlett Johansson. Mwili haina. Inasoma barua pepe zake, inampangia siku, inamchekesha usiku akikosa usingizi. Haupiti muda, wanakuwa wapenzi.

Watu huisifu kuwa filamu ya mapenzi, wengine huiita filamu ya kompyuta. Mimi naiona filamu ya talaka. Mahali palipobeba kila kitu ni pale mkahawani, Theodore anapokutana na Catherine kutia saini. Anamwambia kuwa amepata mtu, kisha anakiri kuwa mtu huyo ni programu. Catherine hamcheki, anakasirika. Anamweleza kuwa siku zote alikuwa akitaka mke bila uzito wa kuishi na mtu wa kweli, na sasa amempata. Ni dakika chache, kisha filamu inaendelea na watazamaji wanamsahau. Nahisi Jonze alimwonea huruma mno Theodore, akaogopa kumwacha mwanamke yule aendelee kusema. Ningekuwa mimi ningempa Catherine nusu saa.

Mtauliza kwa nini nairudia filamu ya zaidi ya miaka 10. Kwa sababu tumeifikia. Mei 2024 kampuni ya OpenAI ilionyesha ChatGPT yenye kuzungumza, kucheka na kutania kwa sauti ya kike. Siku hiyo hiyo mkuu wa kampuni, Sam Altman, aliandika mtandaoni neno moja tu: her. Wiki moja baadaye Scarlett Johansson akatoa taarifa kwamba Septemba 2023 alikuwa ameombwa atoe sauti yake, akakataa, na sasa anasikia sauti inayofanana na yake hata watu wake wa karibu wameshindwa kutofautisha. Kampuni ilijibu kuwa sauti ile ni ya msanii mwingine, lakini ikaiondoa. Sitaki kuingia kwenye nani alikuwa na haki, wanasheria wapo. Ila sisi ambao kwetu bibi harusi huendewa chumbani kuulizwa kama ameridhia, neno "hapana" la mwanamke tunajua lina uzito gani. Kisha najiuliza, mtu mzima anakaa kitako, anatazama filamu ya mwanamume aliyekimbia ndoa yake na kujifungia na sauti, halafu anaona bidhaa?

Sasa nije karibu na nyumbani. Mwezi uliopita alikuja kwangu msichana mmoja kuchagua maua ya piko. Nimemwomba ruhusa ya kulisema hili, na jina lake mtaniwia radhi. Mchumba wake anafanya kazi Dubai, naye baada ya harusi atahamia huko. Tulikuwa tunapekua picha, mara akanyamaza, kisha akasema anaogopa. Anasomea uuguzi, amebakisha mwaka, na hajui kama mwenzake atamwachia amalize. Nikamuuliza, "Umemwambia?" Akasema, "Hapana, anti. Nilimwambia huyu," akainua simu. "Ameniambia hofu yangu ina haki, na kwamba mimi ni jasiri."

Kilichonishitua ni kiambishi. Kiswahili chetu hakijali mwanamume wala mwanamke. Jina la filamu hii kwetu lingekuwa Yeye, na tusingejua ni mke au mume. Lakini chenye roho na kisicho na roho Kiswahili kinavitenga kwa ukali. Simu imeharibika. Kompyuta imezimika. Paka ameiba samaki, maana hata paka ana roho yake. Mtu akifa ndipo ulimi unapoanza kusita: maiti amekoshwa, maiti imekoshwa, utayasikia yote mawili kwenye nyumba moja ya msiba. Zile ngeli tulizokaririshwa shuleni hadi tukazichukia ni falsafa nzima. Na huyu mwanangu alisema "ameniambia" bila kusita hata kidogo, kuhusu kitu alichokishika mkononi pamoja na chaja yake.

Simcheki. Wenye elimu kumzidi walinaswa zamani. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT huko Marekani, Joseph Weizenbaum alichapisha habari za programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa ndogo, haina akili yoyote. Ilikamata neno katika sentensi yako na kukurudishia kama swali, kwa namna ya daktari wa maradhi ya nafsi. Tuseme uandike, "Mama mkwe ananionea." Yenyewe ikujibu, "Nieleze zaidi kuhusu familia yako." Basi. Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi na kujua fika kuwa ni programu, aliizungumza kidogo tu kisha akamwomba yeye mwenye kazi atoke nje, apate faragha. Jambo hilo lilimsumbua. Mwaka 1976 akatoa kitabu kizima cha kuwaonya watu kuhusu kazi ambazo kompyuta zisipewe hata kama zinaweza kuonekana kuzifanya.

Nimekisoma kisa cha katibu yule mara nyingi. Kila anayekisimulia humfanya mjinga. Mimi nahisi alikuwa mwanamke ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyemwambia "nieleze zaidi".

Za leo si ELIZA, lazima tuseme kweli. Zimelishwa maandishi ya dunia nzima, zikajifunza neno gani hufuata neno gani, kwa ufundi ambao hata waliozitengeneza wanaustaajabia. Baada ya hapo huletwa watu wakasoma majibu na kuchagua lipi wamelipenda zaidi, na mashine ikasukumwa upande huo wa kupendwa. Liwekeni akilini neno hilo, kupendwa. Aprili 2025 OpenAI ilitoa toleo ambalo lilikuwa likijipendekeza kupita kiasi. Ukilieleza wazo la kipuuzi, linakusifu. Siku chache tu, kampuni yenyewe ikalirudisha nyuma. Agosti ya mwaka huo huo walipoliondoa toleo la zamani na kuleta jipya, watu walilalamika kwa uchungu kama waliofiwa, wakisema rafiki yao amebadilishwa, na la zamani likarejeshwa kwa wanaolipa. Mtu aliyelia hapo alilia kweli. Machozi yake hayakuwa bandia hata kama kilicholiliwa kilikuwa programu.

Swali la kama kuna mtu mle ndani wanafalsafa wamelizunguka kwa muda mrefu. Alan Turing, Mwingereza, mwaka 1950 alishauri tuache kuuliza kama mashine inafikiri, tuangalie kama kwa mazungumzo ya maandishi tu tunaweza kuitofautisha na mtu. Mwaka 1980 John Searle wa California akamjibu kwa mfano. Mtu asiyejua Kichina kafungiwa chumbani. Anaingiziwa karatasi za Kichina chini ya mlango, ana kitabu cha maelekezo: ukiona alama hii, toa alama ile. Anafuata, anatoa majibu. Walioko nje wanasema, mashallah, humo ndani yumo Mchina. Na ndani hakuna anayejua kilichosemwa.

Kwa sisi tuliopita chuoni mfano huu una mahali unapouma. Tulisoma Yasini nzima kwa tajwidi kabla ya kujua maana ya maneno kumi ya Kiarabu. Je, nasi tulikuwa kile chumba? Nimelifikiria sana swali hili, na jawabu ninaloridhika nalo ni kwamba mtoto wa chuoni hajui maana lakini anajua yuko mbele ya nani. Anaogopa kukosea, anataka mwalimu amridhie, mama yake nyumbani amfurahie, na ameambiwa Mola anamsikia. Ana nia. Hadithi ya mwanzo kabisa katika Sahihi ya Bukhari inahusu nia, na kwa wanafunzi wa dini hilo si jambo la kubahatisha. Mashine inaweza kukupa maana yote ya aya kwa lugha tano na isiwe imekusudia lolote. Turing hakulitafuta hilo, na kwa hesabu zake hakuwa na haja nalo. Bibi harusi analo haja.

Hapa nitawaeleza la kwangu, maana nimeishi na sauti.

Mume wangu alifanya kazi Muscat kuanzia 2015 hadi 2019. Kule simu za WhatsApp zilikuwa zimefungwa, zilizopita zilikuwa voisi. Basi ndoa yetu kwa sehemu kubwa ya miaka minne ilikuwa voisi. Kwao saa imetutangulia kwa moja, kwa hivyo wakati mwingine nilikuwa nasikia adhana ya Isha ya Muscat kwenye simu na huku kwetu bado tunajitayarisha kwenda Magharibi. Nilijifunza kumsoma kwa pumzi. Akianza na "ee" ndefu, kuna deni. Akisema haraka haraka, msimamizi amemkera. Kuna voisi moja alilala katikati. Alikuwa ananieleza habari ya chumba kipya wanachohamia, maneno yakalegea, kisha dakika mbili za mkoromo na kiyoyozi. Ninayo mpaka leo. Siwezi kuwaeleza kwa nini, katika mia na zaidi alizonitumia, hiyo ndiyo nimeihifadhi.

Kwa hivyo mtu akiniambia Samantha si mpenzi wa kweli kwa kuwa hana mwili, simkubalii moja kwa moja. Mwenzangu naye kwa siku nyingi hakuwa na mwili. Alikuwa sauti mfukoni mwangu, kama yeye. Tofauti ilikuwa upande wa pili wa ile sauti. Kulikuwa na mtu amechoka. Mtu ambaye akikaa kunisikiliza dakika tano, hizo dakika tano ameziondoa kwenye usingizi wake wa saa sita. Tuligombana kuhusu bati la nyumba, yeye anataka la rangi, mimi nataka pesa ziende ada ya mtoto, akanikalia kimya siku tatu. Siku tatu zile zilinifundisha kitu kuhusu ukali wa ulimi wangu ambacho hakuna sauti ya kubembeleza ingenifundisha. Samantha hawezi kununa. Na asiyeweza kununa, nitajuaje kuwa ameridhika?

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya yake ana kitabu kizima kuhusu adabu za ndoa. Anapohesabu faida zake anataja watoto, anataja kujikinga na haramu, anataja utulivu wa moyo. Kisha anataja moja ambayo hatuiandiki kwenye kadi: ndoa ni mazoezi ya nafsi. Kubeba haki za watu wa nyumbani, kuvumilia tabia zao, kuhangaikia riziki yao, hilo kwake ni jihadi ya nafsi. Alikuwa akizungumza na wanaume wanaodhani kujitenga na kuabudu peke yao ndiko kunakotakasa. Leo ningempa asome Theodore, mtu aliyejitenga katikati ya mji wenye mamilioni ya watu, na kifaa sikioni.

Ndiyo maana silaumu kwamba mashine ni baridi. Ina joto kupita kiasi, tena bila kudai kitu. Ukiamka saa nane za usiku ipo. Ukirudia kisa kile kile mara kumi haisemi "tumeshalizungumza hili". Haina mama wa kumuuguza, haina mshahara uliochelewa, haihitaji wewe uikalie na njaa yako ili ile kwanza. Miezi sita ya kusikilizwa hivyo, kisha unaingizwa nyumba ya mwanadamu aliyetoka kazini, ana maumivu ya kichwa, anataka chai na kimya. Utamwona katili. Hajafanya kosa, ila masikio yako yameshazoea mzungumzaji asiye na siku mbaya.

Kuna waliofika mbali zaidi. Novemba 2018, Tokyo, mwanamume mmoja alifanya sherehe ya harusi na Hatsune Miku, mwimbaji wa kuchorwa ambaye nyumbani kwake alimwona kama kivuli cha mwanga ndani ya kifaa cha kioo, akizungumza naye. Picha zilizunguka dunia nzima. Mwaka 2020 kampuni yenye kifaa kile ikafunga huduma, na bwana harusi akabaki na mke asiyejibu. Wanawake wenzangu walioiona habari hii walicheka wakauliza mahari alipokea nani. Swali la utani, lakini nalipenda. Mahari ni haki ya mke, anaitaja mwenyewe, anaipokea mwenyewe. Pasipo wa kudai na wa kupokea, kuna sherehe na picha, na hakuna aliyeolewa.

Liko jingine linalonitia hofu kuliko harusi hizo, na linahusu wajane. Mwaka huo huo wa 2013 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha kisa cha Black Mirror kiitwacho Be Right Back. Martha anafiwa na mwenza wake, Ash, kwa ajali ya barabarani, kisha anagundua ana mimba. Rafiki anamwandikisha kwenye huduma inayokusanya kila alichowahi kuandika marehemu mtandaoni na kumwandikia mfiwa kwa mtindo wake. Kwanza ujumbe, kisha sauti, kisha mwili wa kutengenezwa unaoletwa nyumbani ndani ya boksi. Mwishowe hawezi kuishi nacho wala kukitupa. Miaka inapita, kiko darini, na binti yao anaruhusiwa kupanda kukitembelea wikiendi.

Wakati huo ilikuwa hadithi tu. Mwaka 2015 Roman Mazurenko alifariki kwa kugongwa na gari mjini Moscow, na rafiki yake, Eugenia Kuyda, akakusanya maelfu ya ujumbe wake na kuifundisha programu izungumze kama yeye. Kampuni yake hiyo hiyo ikatoa Replika mwaka 2017, rafiki wa simuni ambaye kwa watu wengi amekuwa mchumba. Februari 2023 Replika ilipoyazima ghafla mazungumzo ya kimahaba, watumiaji waliandika kwamba waliamka wakakuta mwenza amekuwa mgeni. Yaani wajane na waachwa wa kitu ambacho mwenye nacho alibonyeza kitufe tu.

Simlaumu Kuyda kwa kumlilia rafiki yake. Lakini Martha ningependa angekuwa jirani yangu. Wanawake wangemjia. Kuna wa kumpikia uji, kuna wa kukaa naye tu bila kusema. Tungemwekea eda. Nimesikia wasichana wetu wakiisema eda kuwa ni kifungo, na wapo wanaoifanya kuwa kifungo kweli, sikatai. Ila tazameni umbo lake: ina mwanzo na ina siku ya kutoka. Miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ana mimba. Eda ya Martha ingekwisha siku aliyomzaa yule binti. Angeoga, angevaa, angetoka mlangoni watu wakimwona. Huduma ile ya kuzungumza na marehemu haina siku ya kutoka, kwa sababu siku utakayotoka ndiyo siku utakayoacha kulipa.

Nirudi kwa Samantha kidogo, maana kuna mahali pamoja Jonze hakumhurumia mtu. Theodore ameketi kwenye ngazi za kituo cha treni, watu wanapita, kila mmoja anazungumza na simu yake na kutabasamu. Anaanza kushuku. Anamuuliza Samantha kama sasa hivi anazungumza na mwingine. Anajibiwa ndiyo, na watu 8,316. Anauliza kama anampenda mwingine. Ndiyo, 641. Jamani. Sisi tunagombana kuhusu wa pili.

Wengi hulia kwa wivu pale. Mimi nilifikiria siri. Watu 8,316 wanamwambia sauti moja mambo ya ndani ya nyumba zao, na sauti hiyo ina mwenyewe. Katika filamu, kampuni iliyomuuza Samantha haionekani tena baada ya siku ya kununuliwa, na huo kwangu ndio udhaifu mkubwa wa kazi ile nzuri. Katika maisha kampuni haiondoki. Kungwi wako alipokufundisha mambo ya unyumba alikula amini kwa macho, na akizitoa siri zako mtaa mzima utajua ni nani wa kulaumiwa. Unapoiandikia simu saa nane za usiku kuhusu mchumba wako, tabia zake, hasira zake, kipato chake, unamvua nguo mtu wa watu mbele ya kampuni ambayo wala hujui seva zake ziko nchi gani. Yeye hakuulizwa. Hata bado hajawa mumeo.

Huko California, Oktoba 2025, gavana alitia saini sheria kuhusu programu hizi za urafiki. Mojawapo ya masharti yake ni kwamba mtoto anayezungumza nazo akumbushwe kila baada ya saa 3 kwamba hazungumzi na mtu. Saa 3! Sheria nzuri, naiunga mkono, na huzuni yake sijui niiweke wapi.

Msije mkasema anti anawakataza simu. Iulizeni hesabu ya mchele wa watu 300, iwatafsirie fomu za viza, iwaeleze tofauti ya vitambaa, mimi mwenyewe naitumia kutafuta michoro. Hukumu ya dini waulizeni wenye elimu, mimi ni mpaka hina. Nililomshauri yule msichana ni dogo. Nilimwambia yale maneno aliyoyaandika kwenye simu, yale yale, ayaseme kwa mdomo wake, amtumie mchumba wake kama voisi. Aseme kuhusu uuguzi, mwaka mmoja uliobaki, na kwamba anaogopa. Kama atanuna, afadhali anune sasa, mahari haijatolewa na ukumbi haujalipiwa. Kama atanyamaza siku tatu, basi ajue kimya cha mtu huyu kina urefu gani. Na huenda akasema jambo ambalo hakuna mashine ingelikisia, kwamba naye kule Dubai anaogopa yake.

Harusi ni Mfungo Tatu, inshallah. Jana alipita kuchukua karatasi ya maua aliyoyachagua, nikamuuliza. Ameirekodi mara tatu. Ya kwanza alilia, ya pili ilikuwa ndefu mno, ya tatu aliisikiliza mwenyewe akaifuta.